Waya Chini ya Mwembe: Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Umeme na Maafa Tabora

Waheshimiwa,

Mwangaluka. Nawaandikia nikiwa barazani kwangu Ng'ambo, Oktoba hii, jua likichoma tangu saa mbili asubuhi na vumbi likiingia mpaka kwenye sufuria. Mimi ni bibi wa wajukuu wanne, muuza samaki, mwenye nyumba ya vyumba sita ambayo vinne kati yake nimepangisha. Nimezaliwa Tabora na nimezeekea Tabora. Mvua za msimu zinakaribia, na kabla hazijafika nina jambo la kuwaambia ninyi nyote ambao mji huu umewekwa mikononi mwenu: mnaosimamia umeme, mnaosimamia maji, mnaosimamia miti ya barabarani, na mnaokaa kwenye kamati za maafa kuanzia mkoa hadi mtaa.

Naanza na kisa cha nyumbani kwangu.

Ilikuwa Desemba iliyopita, saa tisa alasiri. Kutwa nzima joto lilikuwa la kuganda nguo mwilini. Mara upepo ukatoka upande wa magharibi, ukabeba vumbi, mifuko na kanga yangu moja kutoka kwenye kamba. Watoto wa Tabora wanaijua maana ya upepo ule: maembe yanadondoka. Kabla sijafungua mdomo, mjukuu wangu wa miaka tisa alikuwa ameshanyakua beseni la kufulia na kukimbilia mwembe ulio kando ya barabara, wenzake watano nyuma yake. Matone makubwa yakaanza kupiga bati. Radi ikalia mbali, kisha karibu. Nikatoka mlangoni nikiwaita, na upepo unalirudisha jina lake kinywani mwangu.

Tawi lenye unene wa paja la mtu mzima likapasuka. Lilipita juu ya nyaya kabla ya kufika chini. Nikaona cheche za buluu, nikasikia mlio kama wa mafuta ya moto yaliyomwagiwa maji, na waya mmoja ukaachia kutoka kwenye nguzo, ukaning'inia, ukalala kwenye dimbwi. Kutoka pale dimbwini hadi miguu ya watoto palikuwa na hatua kama kumi na tano.

Aliyewaokoa ni jirani yangu fundi baiskeli. Ujana wake aliwahi kufanya kibarua cha kuchimba mashimo ya nguzo, na aliyoyasikia huko hakuyasahau. Akapaza sauti: "Msikimbie! Simameni hapo hapo! Bananisheni miguu!" Akawaongoza warudi nyuma kwa kuburuta nyayo kidogo kidogo, mguu kando ya mguu, kama watu waliofungwa kamba vifundoni. Mimi nilidhani amechanganyikiwa, maana akili yangu ilikuwa inaniambia wakimbie. Baadaye akanieleza. Waya wenye umeme ukigusa ardhi iliyolowa, umeme unasambaa kwenye udongo, mkali karibu na waya na unaopungua kadiri unavyokwenda mbali. Anayepiga hatua ndefu anaweka mguu mmoja penye umeme mkali na mwingine penye umeme hafifu, na tofauti hiyo inapita mwilini mwake. Anayebananisha miguu, umeme hauna sababu ya kupanda mguu huu na kushukia ule. Mtoto wa darasa la tatu angeyajua wapi hayo? Mimi mwenyewe niliyajua nikiwa na miaka sitini na mbili.

Nikapiga simu ya dharura ya ofisi inayohusika. Mara ya kwanza iliita mpaka ikakatika. Mara ya nne kijana akapokea, akanisalimu kwa adabu, akaandika jina la mtaa, akasema mafundi wameshapewa taarifa. Nikamwuliza: "Mwanangu, huu waya una umeme au hauna?" Akanyamaza kidogo. Akasema: "Mama, hapa nilipo sina namna ya kujua."

Basi tukaulinda. Tulitoa viti, tukafunga kamba kutoka kwenye ukuta wa duka hadi kwenye nguzo ya geti, tukaweka matawi barabarani kwa umbali wa hatua ishirini kila upande. Wanaume wakagawana zamu. Kila bodaboda aliyekuja tulimmulika tochi na kumsimamisha. Mvua ilinyesha, ikaacha, ikanyesha tena. Nyumba zote zilikuwa giza, kwa hiyo ungeweza kusema waya umekufa, lakini kila mtu pale alijua kwamba umeme ukirudishwa ghafla waya ule unaweza kuamka. Tulikesha mpaka alfajiri na bado hatukuwa na jibu.

Mafundi walifika kesho yake saa saba mchana. Walikuwa watatu na gari moja, macho mekundu, wamelowa, hawajalala tangu jana kwa sababu nguzo zilikuwa zimelala kila upande wa mji. Nikawapa uji wa karanga wakanywa wakiwa wamesimama. Sina neno na mafundi wale, Mungu awape nguvu. Neno langu ni kwenu mlio juu yao, na linatoka kwenye lile jibu la yule kijana wa simu. Sisi wananchi tunaweza kujiandaa kwa dhoruba, na nitawaonyesha kwamba tunajiandaa. Ila hakuna kaya inayoweza kujiandaa kwa jambo ambalo haijaambiwa.

Niwaeleze tunavyojiandaa, msije mkadhani tunakaa mikono kifuani tukisubiri serikali.

Watu wa Unyamwezi tuna desturi ya akiba. Bibi yangu hakuwa na friji wala hakuwahi kuiona, lakini mvua za Januari zikifunga njia, ndani kwake kulikuwa na michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, nsansa, ambayo ni mboga ya majani iliyokaushwa, karanga na asali, na kuni zilizopangwa juu ya dari zikiwa kavu kama makuti. Desturi hiyo nimeirudisha nyumbani kwangu. Viazi nilivyokata na kuanika mwezi wa Agosti viko kwenye debe lenye mfuniko. Umeme ukikatika siku tatu, tutakula.

Paa nililitazama mwezi uliopita. Niliwaita mafundi wawili wakapanda na kukagua kila msumari wa kofia, hasa kwenye kingo na pembeni, maana upepo hauanzi kung'oa bati katikati, unaanzia ukingoni, unaingia chini yake na kuliinua. Kenchi zilizokuwa zimeegeshwa tu ukutani tumezifunga kwa mkanda wa chuma uliozamishwa kwenye tofali. Mabati mawili ya geji 32 yaliyokuwa yameshalegea nimeyabadilisha kwa geji 28, ambayo ni mazito zaidi. Mawe yaliyokuwa juu ya bati la jikoni nimeyateremsha yote. Nawaomba majirani wanaosoma hapa wayateremshe na ya kwao. Jiwe halizuii bati kuondoka, na bati likiondoka jiwe linaangukia aliyelala chini.

Kwa wapangaji wangu tulifanya kikao uani, watu kumi na mmoja tukiwa tumekaa kwenye mikeka. Tukakubaliana nani anazima meni swichi mawingu yakianza kufunga, na nani anamsaidia akiwa hayupo. Tukakubaliana kwamba televisheni, friji na chaja zinachomolewa kabla radi haijasogea, kwa sababu kushika plagi radi ikiwa juu ya paa ni hatari vilevile. Kipimo tunachotumia ni cha kuhesabu. Ukiona mwanga wa radi, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo, gawanya kwa tatu, unapata kilomita. Ukifika chini ya sekunde thelathini, radi iko ndani ya kilomita kumi, na kila mtu anaingia ndani. Hatutoki mpaka ipite nusu saa tangu ngurumo ya mwisho. Watoto wanalipenda zoezi hili, wanahesabu kwa sauti. Na sharti la kwanza la nyumba yangu sasa ni kwamba maembe yanaokotwa kesho yake asubuhi.

Kuhusu mwanga: kibatari nimekiondoa ndani kabisa tangu godoro la mpangaji mmoja liliposhika moto miaka michache iliyopita. Tuna taa mbili za sola zinazokaa juani kila siku, tochi moja kila chumba mahali panapojulikana hata gizani, na pawabenki moja ya nyumba nzima ambayo haichezewi, ni ya simu za dharura. Luku tunanunua mapema, isishuke chini ya yuniti ishirini, kwa sababu mtandao wa simu nao unaweza kuanguka siku ya dhoruba na ukawa na pesa usiweze kununua.

Hapa niseme jambo ambalo linaniuma kwa sababu linaua kimya kimya. Usiku wa mvua kuna baridi, umeme hakuna, na mtu anavuta jiko la mkaa linalowaka analiingiza chumbani, anafunga mlango na dirisha ili apate joto. Mkaa unaowaka unatoa hewa ya kaboni monoksaidi, haina rangi, haina harufu, na anayeivuta analegea, anasinzia, haamki. Jenereta ni vivyo hivyo: likiwekwa korido au kwenye chumba cha duka linajaza sumu ile ile, na haitoshi kuacha dirisha wazi. Jiko na jenereta vikae nje, mbali na milango. Kama kuna tangazo moja tu mnaloweza kulipia redioni msimu huu, lipieni hili.

Maji: madumu sita ya lita ishirini, yamejazwa, yamefunikwa. Tangu maji ya Ziwa Victoria yafike Tabora tumepata nafuu kubwa, na nawashukuru walioyafikisha. Lakini maji yanayosafiri umbali ule yanasukumwa na pampu, na pampu zinakula umeme. Umeme ukikatika muda mrefu, bomba nalo linakauka, na hapo ndipo watu wanarudi kwenye visima vya uani ambavyo mvua imeshaingiza maji ya vyoo. Tunachemsha, au tunatia dawa. Kipindupindu hakisubiri mwaliko.

Nafika kwenye friza, na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize kwa makini.

Biashara yangu ni migebuka wanaokuja kwa treni kutoka Kigoma. Friza lililojaa na lisilofunguliwa linaweza kushika ubaridi kwa takriban saa arobaini na nane. Likiwa nusu, saa ishirini na nne. Friji ya kawaida, mlango ukiwa umefungwa, ni kama saa nne tu. Haya ninayajua na ninayafuata: siku za dhoruba najaza nafasi tupu kwa chupa za maji yaliyoganda, na friza lenyewe nalifunika kwa mablanketi. Desemba ile, umeme ulipokatika alasiri, nilifanya yote hayo. Nikakaa. Kesho yake asubuhi nikajiuliza: niwatoe samaki niwapake chumvi na kuwabanika, au nisubiri umeme urudi? Nikiwabanika, bei inashuka na kuni zinaisha, lakini sipotezi kila kitu. Nikisubiri na umeme ukarudi jioni, nimesalimika. Nikapiga simu kuuliza ni lini. Jibu lilikuwa, "Tunalifanyia kazi." Nikasubiri. Ulirudi siku ya tatu usiku, na ulirudi kwa kishindo, ukaunguza friji ya mpangaji wangu mmoja aliyesahau kuichomoa. Samaki wote niliwafukia shimoni nyuma ya nyumba, mtaji wa miezi miwili. Nilichimba shimo mwenyewe.

Kama ningeambiwa asubuhi ile ya pili, "Mama, Ng'ambo hamtapata umeme kabla ya kesho usiku," ningewasha moto saa ile ile. Sikuhitaji fidia, sikuhitaji jenereta la bure. Nilihitaji sentensi moja.

Na mimi ni wa samaki tu. Mama mkwe wangu ana kisukari, yuko kwenye insulini. Kichupa kilichokwisha kufunguliwa kinaweza kukaa nje ya friji kama wiki nne, joto likiwa halizidi nyuzi 25 hadi 30 kutegemea aina, lakini vile vya akiba vinatakiwa ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, na Tabora ya Oktoba na Novemba ina mchana unaopita nyuzi 30. Tunavihifadhi kwenye mtungi mdogo uliowekwa ndani ya mtungi mkubwa, kati yao mchanga uliolowa, kitambaa kibichi juu, kivulini. Unapoza, ila si kama friji. Umeme ukikatika kwa saa sita, mtungi unatosha. Ukikatika kwa siku tatu, inabidi nipeleke vichupa vya akiba mahali penye jenereta. Nitajuaje kama ni saa sita au siku tatu?

Huwa nasikia mkisema umeme upo wa kutosha nchini, na ni kweli, tunajivunia. Bwawa la Julius Nyerere peke yake lina uwezo wa megawati 2,115. Lakini megawati hazifiki Ng'ambo kwa kutajwa. Zinafika kwa waya, na waya wetu unapita katikati ya miembe.

Mnaijua historia ya miembe hii. Ilipandwa na misafara ya zamani iliyokuwa ikitoka pwani kupitia hapa kwenda Ujiji, na vizazi vikaendelea kuipanda. Sisi ni mji wa miembe, na simwombi mtu yeyote aikate. Ninachoomba ni ipunguzwe matawi yanayoelemea nyaya, na ipunguzwe kiangazi, mafundi wakiwa na nafasi na umeme ukizimwa kwa utaratibu. Msiache mpaka dhoruba iyapunguze kwa namna yake. Sisi hatuwezi kuyakata. Tawi bichi linalogusa waya linapitisha umeme, na kijana anayepanda na panga anaweza asishuke akiwa hai. Mwaka jana niliripoti tawi lile lile mwezi wa Septemba kwenye ofisi ya mtaa. Nikaambiwa miti ya barabarani ni ya ofisi nyingine. Ofisi hiyo ikaniambia tawi likishafika kwenye nyaya ni la watu wa umeme. Niliondoka na jina la kila ofisi na hakuna aliyeondoka na tawi. Kaeni pamoja mkubaliane nani analikata. Mkimaliza, bandikeni jina la idara hiyo na namba ya simu kwenye ubao wa kila ofisi ya mtaa.

Habari za mvua zenyewe zinatolewa. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa msimu wetu wa Novemba hadi Aprili, na ikiona upepo mkali au mvua kubwa hutoa angalizo na tahadhari. Mjukuu wangu mkubwa huniletea kwenye simu, nasoma. Lakini mama anayeuza mboga Isevya ana simu ya tochi, mzee wa Ipuli anasikia Kinyamwezi vizuri kuliko Kiswahili cha taarifa ya habari, na siku ambayo angalizo linatolewa wote wawili wako shambani. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati kuanzia taifa hadi chini kabisa kwetu. Mwenyekiti wetu wa mtaa ni mtu mwema na angefanya kazi hiyo, ila niambieni: mlimpa kipaza sauti? Mlimpa vocha ya simu? Misikiti yetu ina vipaza sauti, makanisa yana kengele, redio za hapa mjini zina wasikilizaji wengi. Tangazo la dakika moja baada ya sala ya alasiri, "Kesho mchana kuna upepo mkali, ingizeni watoto, chomoeni vyombo," lingefika kila uwanja wa Tabora kwa gharama ndogo sana.

Na wafundisheni watoto shuleni, wiki hii, kabla embe la kwanza halijaiva. Oktoba 2018 radi iliua wanafunzi sita wakiwa darasani mjini Geita. Geita si mbali na sisi na mawingu yetu ni ya ukoo mmoja na yao. Naomba kila shule yenye paa la bati ikaguliwe kama ina kinga ya radi na kama waya wake wa athi umefika ardhini kweli. Nimeona shule moja ambayo waya huo umekatwa na wauza vyuma chakavu, umebaki mita moja juu unaning'inia, na darasani kuna watoto zaidi ya themanini. Mwalimu mkuu alikuwa hajui kazi ya waya huo ni nini. Simlaumu, hakuna aliyemwambia.

Kwa hiyo ombi langu, mkiniruhusu kulisema wazi kama mama kwa wanawe, ni hili. Umeme ukikatika kwa dhoruba, ndani ya saa mbili tuambieni mnachokijua: maeneo gani yameathirika, tatizo ni la mtaa au ni la laini kubwa, na mnakadiria lini. Mkikadiria mkakosea, semeni tena. Hatutawachukia kwa makadirio yaliyobadilika, mkulima anayakadiria mawingu kila mwaka na anakosea. Tutawachukia kwa ukimya. Umeme unaokatwa kwa matengenezo, utangazwe siku mbili kabla. Unaporudishwa baada ya kukatika kwa muda mrefu, tangazeni mtaa kwa mtaa, watu wawe wamechomoa. Na waya ukianguka, kijana anayepokea simu awe na mtu wa kumwuliza, ili mama aliyesimama mvuani na watoto sita nyuma yake ajibiwe: una umeme, au tumeuzima.

Mkishindwa yote mengine, hilo la mwisho lifanyeni.

Nimesema Ng'ambo kwa sababu ndiko ninakoishi, lakini nimeongea na ndugu zangu wa Kitete, Cheyo, Urambo na Sikonge na hadithi ni hizo hizo, zinatofautiana matunda ya mti tu. Kikao chetu cha wakazi kiko Jumamosi ijayo baada ya saa kumi, kwenye kivuli cha nyumba yangu. Mikeka ipo, chai ya tangawizi ipo. Mkimtuma mtu hata mmoja mwenye majibu, tutampisha kiti.

Mwembe bado umesimama pale pale. Upande ulipopasuka tawi la mwaka jana umefunga kovu, na tawi la juu yake limeshaufikia waya mpya waliouweka. Jioni upepo ukivuma majani yanaugusa na unasikia unaunguruma kidogo. Nimefunga kitambaa chekundu kwenye shina, usawa wa macho, ili mafundi mtakaowatuma wasihangaike kuuliza ni mti upi.

Wenu katika ujenzi wa mji,
Bibi wa Ng'ambo, Tabora